Msichana Asiyesalimia

Bweni la wasichana, Kasulu
Jumapili, 19 Januari 2025

Kaka Elikana,

Shikamoo. Kama barua hii imefika hapo Mwanga ikinuka vitunguu usishangae, amekuletea Mama Bariki, mpishi wetu wa shule, ambaye kila wiki ya pili anashuka Kigoma kuwaona wajukuu zake. Simu huku ni marufuku, unajua. Ukinijibu mpe yeye yeye. Barua zinazopita ofisini zinasomwa na mwalimu wa malezi, halafu anazisahihisha. Kweli kabisa. Happiness wa kitanda cha juu yangu alipewa barua ya mama yake mzazi ikiwa na wino mwekundu.

Nimesikia. Baba alinieleza siku ya kunisindikiza stendi. Hakuniangalia, alikuwa anaangalia kamba za kwenye keria ya basi. Akasema, "Kaka yako ameacha darubini ya maabara, amekwenda kucheza." Nikauliza kucheza nini. Akasema, "Hata yeye hajui." Mama akamwambia si kuacha, ni likizo bila malipo. Baba akajibu, "Likizo ya mtu mzima mwenye ajira ni ugonjwa."

Mimi sikusema kitu. Unanijua. Lakini nilikuwa nayo ya kusema. Nilitaka kumwambia habari za ile video yako uliyonionyesha Desemba, ya wanawake wa Kibirizi wanaoanua dagaa vichanjani, ya dakika nne tu, ambayo ilipoisha niliona kama nimekaa nao mwaka mzima na namjua kila mmoja hasira zake. Yote hayo yalikuwa mdomoni. Nikasema, "Haya Baba, nakwenda."

Kwenye karatasi mimi si bubu, ndiyo maana nakuandikia. Huku ukikutwa unaongea Kiswahili, achilia mbali Kiha, unavalishwa kibao shingoni mpaka jioni. Mimi sijakivaa hata siku moja. Walimu wanadhani ni kwa sababu nakijua sana Kiingereza. Ni kwa sababu siongei.

Nimeambatanisha kurasa kumi na moja. Uliniomba nikuandikie maneno ya Kiha ya filamu, maana Kiha chako ni cha kununulia ndizi sokoni. Hadithi sijaigusa, ni yako ile ile: msichana anarudi Kalinzi baada ya miaka kumi na mbili kumwuliza baba yake kwa nini alimtoa nyumbani angali mdogo, akampeleka kulelewa mjini. Sikukuuliza kwa nini ni msichana, wakati aliyepelekwa Ujiji kwa Baba Mdogo akiwa na miaka sita ni wewe. Na siulizi sasa. Nasema tu kwamba nimeona.

Jina langu usiliweke popote.

Mdogo wako,
Marcelina


Mwanga, Kigoma
2 Februari 2025

Mdogo wangu Marcelina,

Marahaba, mara mbili. Mama Bariki kanipa bahasha akaanza kunihoji kama polisi, wewe ni nani yake, una kazi gani. La kwanza nililijibu vizuri.

Kurasa zako nimezisoma nimesimama. Msichana anaingia mlangoni, na neno lake la kwanza ni, "Baba, nilikukosea nini?" Nikamtafsiria Luqman, yule rafiki yangu wa Ujiji anayepiga video za harusi, ndiye mwenye kamera. Kiha hajui hata cha kuombea maji. Akasema, "Huyu mdogo wako hana porojo. Mlete mjini awafundishe washereheshaji."

Sasa ya nyumbani. Jumamosi iliyopita nilipanda Kalinzi kumweleza Baba mwenyewe. Nilimkuta ananoa panga. Nikamwamkia. Hakuitikia. Nikadhani hajasikia, nikamwamkia tena. Mama akasema, "Mzee, mtoto anakuamkia." Baba akasema, "Namsikia." Akaendelea kunoa.

Mwishowe alisema hivi, nakupa maneno yake yenyewe: "Mimi sinema siijui. Watu wa hapa nawajua. Ukimaliza, ilete hapa kwanza. Wakikubali kwamba ni jambo, mimi nitanyamaza. Wakikataa, Julai mosi uwe umekaa kwenye kiti chako cha maabara." Nikakubali. Likizo yangu inaisha tarehe 30 Juni, na mkuu wa maabara ameshaniambia kiti hakitasubiri hata wiki moja zaidi. Kwa hiyo unaona mambo yalivyo. Nina miezi mitano, na ghala la kahawa la kujaza watu wa Kalinzi.

Miaka minne nimetazama damu za watu kwenye darubini nikitafuta malaria, na sikumbuki uso wa hata mmoja. Damu inakuja na namba. Inatoka na namba. Hiyo ndiyo sababu yangu, kama Baba angeniuliza. Hakuuliza.

Baba wa kwenye filamu atakuwa Mzee Feliksi, yule katekista mstaafu. Msichana ni Diana, fundi cherehani hapa sokoni, ana macho yasiyoogopa mtu. Tunaanza Machi.

Kaka yako,
Elikana


Kalinzi
23 Machi 2025

Marcelina,

Hujambo mwandishi. Leo ni siku ya nne ya kupiga picha na mvua imetupa nafasi ya kukaa kibarazani, ndiyo maana mwandiko umelala.

Kuna kituko. Kila Diana akiingia mlangoni, Mzee Feliksi ananyanyuka na kunyoosha mikono yote miwili. Nasema kata. Namwambia, "Mzee, wewe kaa tu, yeye anaanza kuongea."

"Hanisalimii?"

"Hakusalimii."

"Katoka wapi huyu?"

"Mjini, Mzee."

"Mjini salamu zimeisha?"

Luqman alicheka mpaka kamera ikatikisika. Tukarudia, akanyoosha mikono tena. Siku nzima ni hivyo, mzee ananyoosha, mimi nakata, tunafuta, tunaanza upya. Jana alikubali kukaa, lakini usoni alikuwa kama mtu aliyetafuna ndimu na maganda yake.

Nikuulize lakini, wewe ndiye mwenye Kiha. Ni sawa, eh? Mimi niliondoka mdogo. Ninachokumbuka kuhusu salamu za huku ni kwamba ni ndefu na nilikuwa natamani ziishe nikacheze.

Elikana


Kasulu
6 Aprili 2025

Kaka,

Shikamoo. Ni sawa. Sinema inataka haraka. Mwalimu wetu wa fasihi anasema neno lisilosogeza kisa litolewe, na salamu hazisogezi kisa. Mweleze hivyo Mzee Feliksi.

Nisamehe kwa ufupi, kesho tuna jaribio la kemia.

Marcelina

Jambo hili usimwulize Mama. Ana kazi nyingi.


Mwanga
12 Mei 2025

Marcelina,

Jana mchana tuliionyesha, kwenye ghala la ushirika wa kahawa, madirisha tumeyaziba kwa magunia. Watu walijaa. Watoto walitoboa magunia ili wachungulie. Baba alikaa mstari wa tatu, amevaa koti la kanisani.

Diana alipoingia mlangoni na kusema neno lake la kwanza, ghala lilinyamaza. Nikafurahi, nikajua limewaingia. Kisha mama mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu ni binti wa nani?" Mwingine akajibu, "Hajasalimia. Huyo analeta msiba." Basi. Tangu hapo hakuna aliyesikia neno. Walikuwa wanasubiri kuambiwa nani kafa. Diana alipocheka pale kisimani mtu akasema, "Anacheka na maiti iko ndani!" Mwishoni, anapolia, vijana wakapiga mbinja.

Mzee Feliksi alitoka katikati. Nilimkuta nje amekaa juu ya gunia. Akaniambia, "Umefanya nisisalimiwe mbele ya kijiji kizima."

Baba alinipita mlangoni. Ningependa angesema neno.

Leo nimekaa Kibirizi na wanawake wa dagaa tangu asubuhi. Wameniachia nafasi kwenye kivuli, hawakuniuliza.

Ahadi ni ahadi. Julai mosi nitakuwa maabara. Usijilaumu, maneno yako yalikuwa mazuri.

Elikana


Kasulu
Jumapili, 18 Mei 2025

Kaka Elikana,

Shikamoo. Na shikamoo tena.

Barua yako haikuwa na salamu hata moja. Niliifungua jikoni kwa Mama Bariki, na nilipoona inaanza tu hivi hivi, nikajua Baba amekufa. Niliisoma mpaka mwisho nikimtafuta marehemu. Maneno yako yenyewe niliyaelewa nilipoirudia mara ya pili. Hapo ndipo nilipojua watu wa ghalani waliona nini.

Umesema nisijilaumu. Basi nilaumu wewe. Nilikudanganya.

Wewe uliondoka na miaka sita, hukufikia umri wa kusalimia sawasawa. Mimi nilifikia. Ukimkuta mtu mzima unainama, unapiga makofi taratibu, unasema mwakeye, unashika mikono yake naye anakushika mpaka kwenye viwiko, na hakuachii. Anakuuliza walioko nyumbani, anauliza mvua, shule, mbuzi aliyezaa, na muda wote huo anakuangalia usoni. Wengine wanaona raha. Mimi naona kama navuliwa nguo. Njia yetu ya juu ya kwenda shule ina nyumba saba na kila baraza lina mtu. Nikiwa darasa la tatu nilianza kupita kijia cha chini, cha kwenye migomba, kinachozunguka. Nilichelewa namba mwaka mzima. Nilichapwa mwaka mzima. Nikaona bora fimbo. Hakuna anayejua haya, hata Mama, anadhani nilikuwa mvivu wa kuamka.

Ukurasa wa kwanza wa filamu yako niliuandika ukiwa na salamu zote. Zilijaza nusu ukurasa. Halafu nikachukua rula nikazifuta mstari mmoja mmoja. Si kwa ajili ya sinema. Nilitaka kumwona, hata kwenye daftari tu, msichana anayeingia kwao akaenda moja kwa moja kwenye swali lake bila mtu kumkamata mikono. Uliponiuliza mwezi wa Machi nilijua kabisa. Nilijua Mzee Feliksi ana haki. Mwalimu wa fasihi hajawahi kusema chochote kuhusu salamu. Nilimsingizia.

Kwa hiyo usirudi. Kama ungekuwa unarudi maabara kwa sababu hujui kutengeneza filamu, ningenyamaza, kunyamaza naweza. Lakini watu wa Kalinzi hawajaiona filamu yako bado. Wameuona woga wangu umesimama mlangoni umeziba njia. Zimebaki siku arobaini na tatu mpaka tarehe 30 Juni. Sisi kidato cha nne tunapewa wiki mbili tu nyumbani, kuanzia tarehe 7 Juni, kisha tunarudi kambini kujisomea. Hizo wiki mbili ni zako. Nitaziandika salamu zote, hata ya mbuzi.

Nimemaliza kuandika, na barua naituma.

Marcelina


Mwanga
27 Mei 2025

Marcelina,

Salamu. Nyingi. Pokea zote, usikimbie.

Barua yako niliiweka chini ya godoro siku tatu. Nilikasirika. Nilikuuliza waziwazi, na wewe ukaniletea mwalimu wa fasihi! Ungekuwa karibu ningekupiga konzi. Yamekwisha, sitayarudia.

Salamu zako haziwezi kuingia. Diana amekwenda Bujumbura kwa wakwe na nywele zote amenyoa. Mzee Feliksi akiiona kamera anafunga mlango. Nikaenda Ujiji kumwambia Luqman kwamba basi, tugawane nyaya. Nikamkuta anahariri harusi ya Kasingirima. Hakuniangalia hata. Akasema, "Kaa hapo. Tazama."

Kwenye video bwana harusi anamwendea mama mkwe, ananyoosha mkono. Mama mkwe anageukia sahani ya pilau. Mkono wa bwana harusi unabaki hewani, hajui aurudishe vipi, mwishowe anajikuna nao shingo.

"Waliniambia hii niikate," Luqman akasema. "Nikakata. Baada ya wiki dada mtu akaja kwa siri anaitaka isiyokatwa. Wanaikalia ukoo mzima, wanairudisha nyuma, wanairudisha. Sasa sikiliza, Eli. Kosa lako si kwamba binti hakusalimia. Watu wananyimana salamu kila siku. Kosa lako ni kwamba hakuna mtu ndani ya filamu aliyeona."

Marcelina, nilishika kichwa. Siku zile Mzee Feliksi alikuwa ananinyooshea picha hiyo mikononi mwake, na mimi nasema kata. Nikazifuta zote!

Nahitaji picha moja tu. Mikono ya mzee imenyooshwa, inasubiri. Msichana amesimama mbele yake, tunamwona mgongo, hapokei. Ndipo aulize swali lake. Mtu wa Kalinzi hatatafuta maiti tena. Atajua binti ana uchungu mkubwa kuliko adabu, na mzee ameumia. Gauni la Diana ninalo, na mgongo wako ni wa kimo kile kile. Filamu naendelea nayo. Nitaionyesha tena ghalani tarehe 29 Juni.

Mikono sijapata. Nimefikiria ya nani, na najua umeshafikiria. Mimi siwezi kumwomba, haniitikii hata shikamoo. Wewe una wiki mbili.

Elikana


Kasulu
24 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Tumeagana juzi tu, lakini kuna ambayo uso kwa uso yalinishinda.

Ulidhani Baba nilimwomba siku ile ile niliyokuambia amekubali. Ilinichukua siku tano. Nilimfuata shambani tukachuma kahawa, mistari miwili, mitatu, bila neno. Siku ya tano nikasema, "Baba, naomba mikono yako." Akaitazama kwanza, kama vile nimemwambia ina uchafu. "Ya nini?" Nikamweleza yote. Kijia cha chini, rula, uongo wangu. Nilikuwa naongea nikiwa nimelikazia macho tawi la mbuni, sijawahi kuongea naye kwa urefu ule. Nilisubiri anigombeze kwa ajili ya salamu. Akauliza kitu kingine: "Na huyo msichana akishauliza, baba yake anamjibu nini?"

Nikasema, kwenye filamu baba hajibu.

Akachuma mti mzima. Halafu akasema, "Mikono tu. Uso hapana. Na kaka yako asiniambie kata."

Ya siku yenyewe unayajua. Jinsi alivyoiosha kwa sabuni mara tatu mpaka Luqman akamwambia, "Mzee, umeniletea mikono ya daktari, tafadhali rudi kwenye kahawa kidogo," na Mama akacheka mpaka akakaa chini. Ila wewe ulidhani naharibu picha kwa kuogopa kamera. Ulikuwa unaniambia kwa upole, "Tulia Marcelina, hakuna anayekuona uso." Haikuwa hivyo. Baba alipoinyoosha, mikono yangu iliinuka yenyewe. Mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Mimi huyu! Kumbe kumwacha mtu na mikono yake hewani kunauma kuliko kushikwa. Mara ya sita nililikamata gauni la Diana kwa vidole, nikalivuta kwa nguvu, ndipo nikaweza kusimama. Ukitazama utaona limekunjamana kiunoni. Liache hivyo.

Na la mwisho. Wewe ulikuwa nyuma yangu, jicho kwenye kamera, uliona mikono tu kama tulivyokubaliana. Mimi ndiye niliyemwona uso. Hakuwa ananitazama mimi, Kaka. Mara zote sita aliinyoosha mikono akitazama juu ya bega langu, kule ulikosimama.

Nilitaka ulijue hilo kabla ya tarehe 29, yoyote watakayosema watu.

Marcelina


Kalinzi
1 Julai 2025

Binti yangu Marcelina,

Amani iwe kwako. Huku tu wazima, mama yako ana kikohozi kidogo, kahawa tumeanika.

Nakuandikia kwa mkono wangu ili usipate habari zilizotiwa chumvi. Leo ni Julai mosi, siku ambayo kaka yako alitakiwa awe kwenye kiti chake. Yuko chumba cha nje, amelala, na jua limeshapanda.

Filamu ilionyeshwa juzi. Ilipofika kwenye ile mikono mimi niliinama kufunga kamba ya kiatu. Kwa hiyo sikuona, nilisikia. Ghala zima lilisema "Aaa!" kwa pamoja, kama watu waliomwagiwa maji. Mama yule yule aliyevuruga mara ya kwanza akapiga kelele, "Mpokee baba yako, wewe!" Halafu kimya. Kimya mpaka mwisho, hata wale watoto wa madirishani. Feliksi alilia. Yeye anasema ni vumbi la magunia.

Kwisha kwake watu hawakutoka. Waligombana. Nusu walisema binti ana haki, nusu walisema angesalimia kwanza ndipo aulize. Halafu mtu akasema ile mikono haikuwa ya Feliksi, kidole gumba kina kovu la panga, na wote wakanigeukia. "Gervasi, kumbe ni wewe. Kwa nini ulimpeleka mtoto mjini?" Mimi ni mtu mzima, nimeulizwa mbele za watu, nikajibu. Nilisema shule ya hapa miaka ile ilikuwa na mwalimu mmoja, na huyo mmoja alikuwa mlevi. Nilisema pia kwamba siku niliyorudi kutoka Ujiji peke yangu sikuweza kula. Kaka yako alikuwa mbele anakunja nyaya. Aliacha kukunja.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Ahadi ni ahadi. Watu wamekubali, mimi nimenyamaza. Kesho nenda kazini uage vizuri, kwa barua." Akaniambia barua aliipeleka Ijumaa. Ijumaa! Siku mbili kabla mtu yeyote hajaona. Kwa hiyo alivunja ahadi yetu kabla mimi sijaitimiza. Nikamwuliza, "Na kama wangekataa tena?" Akasema, "Wangekuwa wamekataa filamu, Baba. Ningetengeneza nyingine." Jibu hilo lina kiburi. Nimeligeuza huku na huku nitafute pa kulishika nilikemee, sijapaona.

Jana asubuhi ameniamkia. Nimeitikia. Usilifanye jambo kubwa.

Sasa shida imehamia kwangu. Nikipita njiani nasimamishwa. "Mzee, binti bado hajakusalimia?" Wengine wanataka kujua yule baba alimjibu nini mwanawe. Nimemwambia kaka yako kwamba hapo filamu yake ina upungufu. Mtu hawezi kuulizwa na mtoto wake swali kama lile akakaa tu kama gogo. Ana la kusema, hata kama amechelewa. Kaka yako akaenda akaleta daftari, akakaa chini miguuni pangu kama mtoto wa shule, akasema, "Basi sema, Baba. Naandika."

Nimesema tangu jana mchana. Mama yako ametuita kula mara mbili, na bado sijafika kwenye siku yenyewe ya Ujiji.

Baba yako,
Gervasi